Risiti ya Mafuta Ni ya Dereva Kwanza

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta. Asubuhi hiyo jedwali linakuwa limeshazunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp: petroli Dar shilingi ngapi, dizeli Mwanza shilingi ngapi, imepanda au imeshuka. Watu wakishaona tarakimu, basi. Lakini tangazo hilo lina aya nyingine ambazo hujirudia mwezi baada ya mwezi, na ni wachache wanaozifikia. Mojawapo inavitaka vituo vitoe stakabadhi, na inamtaka mnunuzi ahakikishe anaipata na anaitunza, ikiwa na jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita moja. Sababu imetajwa hapohapo: hiyo ndiyo itakayokuwa kidhibiti siku mtu akilalamika kwamba ameuziwa kwa bei ya juu ya kikomo, au ameuziwa mafuta yasiyo na ubora.

Sasa simama sheli yoyote jioni uone aya hiyo inavyotiiwa na watu. Bodaboda anatoa elfu tano, anafunga mfuniko wa tangi, ameshaingia barabarani kabla mashine haijamaliza kutema karatasi. Mwenye Noah anaipokea kwa adabu, anaisokota, anaiachia dirishani. Ukimuuliza, atakwambia hizo ni habari za Mamlaka ya Mapato, TRA, yeye kodi yake imeshakatwa kwenye bei.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi, na hata na namna Serikali yenyewe ilivyoendesha kampeni zake. Kwa miaka mingi tumehimizwa kudai risiti kama wajibu kwa taifa. Ni kweli ni wajibu. Ila mashine ya risiti ya kielektroniki hutuma taarifa zake TRA kwa mtandao. Mauzo yakishapita humo, mamlaka ya kodi imeshapata yake. Karatasi inayobaki mkononi haina tena mteja mwingine ila wewe. Ukiitupa, aliyepoteza si Serikali.

Tazama bidhaa yenyewe. Sukari hupimwa mbele yako kwenye mizani. Mafuta yanatoka kwenye tangi lililozikwa chini ya zege, yanapita kwenye mpira, yanaingia kwenye tangi la gari ambalo nalo huoni ndani. Ulichokiona ni tarakimu zikikimbia kwenye pampu, na mteja wa nyuma yako akisogea, zinarudi sifuri. Baada ya hapo mafuta yanaungua, na ushahidi wote unatokea kwenye ekzosi. Ni bidhaa chache unazonunua ukiwa kipofu kiasi hicho, tena kila siku, tena kwa fedha nyingi hivyo.

Kwa hiyo inafaa kujua karatasi ile inasema nini. Risiti ya kituo ina jina la kituo na namba ya mlipakodi, namba ya pampu, aina ya mafuta, lita kwa desimali, bei ya lita, jumla, tarehe, saa na dakika. Chini kuna msimbo wa uhakiki na ule mraba wa vidoti ambao ukiupiga kwa simu unakupeleka kwenye ukurasa wa TRA kuona kama risiti ni halali. Sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani mara nyingi utakuta sifuri, na wapo wanaodhani wameibiwa. Hawajaibiwa, petroli na dizeli zimesamehewa kodi hiyo Tanzania. Ushuru na tozo za mafuta hukusanywa mapema, bidhaa inapoingia nchini. Kwa kawaida havimo kwenye risiti vitu viwili vinavyoipa uhai: namba ya gari na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi wakati wa kujaza. Hivyo unaviandika mwenyewe, kwa kalamu, hapohapo.

Tuanze na bei, maana ndiyo nyepesi. Bei kikomo ni dari. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuipita. Dari hiyo haiko sawa nchi nzima. Mafuta hushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kisha gharama ya kuyasafirisha huongezwa kadiri mji ulivyo mbali. Huwezi kukishitaki kituo cha Kigoma kwa bei ya Dar. Ndiyo sababu jina la kituo na bei ya lita ni lazima vionekane kwenye risiti. Mteja anayesema "weka ya elfu kumi" hana habari na bei ya lita. Anachojua ni kwamba ametoa elfu kumi na mshale umepanda kidogo.

Tuseme kituo kimezidisha shilingi 60 kwa lita. Mwenye bajaji aliyeweka ya elfu kumi amepata lita tatu na ushei, kwa hiyo amepunjika kama shilingi mia mbili. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepoteza nusu siku kufuatilia shilingi mia mbili. Lakini kituo hichohicho kikiuza lita 4,000 kwa siku, kimejiongezea shilingi 240,000 kila jua likizama. Udanganyifu wa aina hii unaishi kwa sababu maumivu yamegawanywa kwa watu wengi na faida imekwenda kwa mmoja. Risiti moja tu ikifika kwa mkaguzi, hesabu inageuka, kwa sababu mkaguzi hamtetei mwenye bajaji peke yake, anaiangalia pampu. Na majira ya kuwa macho zaidi ni ya uhaba. Wanaokumbuka Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei na vituo vikagoma kuuza hadi leseni ya kampuni moja kubwa ikasimamishwa, wanakumbuka pia jinsi watu walivyokuwa radhi kununua popote, kwa bei yoyote, bila swali.

Ubora ni suala zito zaidi. Miaka ile neno uchakachuaji lilipoingia midomoni mwa kila mtu, chanzo kilikuwa kodi. Mafuta ya taa yalitozwa kidogo kwa kuwa ni ya taa na jiko la mnyonge. Dizeli na petroli zilitozwa sana. Aliyechanganya kimoja na kingine alivuna tofauti ya kodi. Septemba 2010 ulianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba lile pengo. Kenya ilifika hukohuko mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa. Dawa ilifanya kazi, lakini nani aliyeinywa? Bibi wa kijijini mwenye kibatari alilipia uaminifu wa wenye malori. Hilo halisemwi sana.

Jambo ambalo dereva anapaswa kulielewa ni kwamba vinasaba vinajibu swali la kodi kuliko swali la injini. Vinaonyesha kama mafuta yaliyomo kwenye pampu yalilipiwa ushuru wa soko la ndani, au yalikuwa ya kwenda nchi jirani yakaishia hapa. Havizuii maji. Na maji ndiyo adui wa kila siku: kituo chenye tangi kuukuu, mfuniko usiokaza vizuri, masika imeshuka wiki nzima. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini ya tangi, na yakifika usawa wa bomba la kunyonyea, huyo mteja mwenye bahati mbaya anajaziwa. Gari la petroli litakohoa na kuzima. La dizeli la kisasa, lenye pampu na injekta za shinikizo kubwa, laweza kukuletea bili ya gereji itakayokufanya ufikirie kuliuza.

Hapa karatasi ile ndogo inafanya kazi ambayo haifanywi na kitu kingine. Risiti ina saa na dakika. Kituo nacho kina kumbukumbu ya lori lililoshusha mafuta, na kina mauzo ya pampu ileile kwa saa zilezile. Mkaguzi akiwa na risiti yako anaweza kuuliza: pampu namba nne, saa moja na dakika kumi jioni, iliuza nini, na nani mwingine alijaza hapo? Akiwa na maneno yako tu, hana pa kuanzia. Meneja wa kituo atakuuliza, "Una uhakika ulinunua hapa?" Na lazima tukiri kwamba ni swali la haki.

Ila risiti peke yake haishindi kesi. Gari likianza kusumbua kilomita chache baada ya kujaza, zima injini, usilazimishe kufika nyumbani. Fundi akitoa mafuta, yakingwe kwenye chupa safi inayoonyesha, mbele ya mtu mwingine, na iachwe itulie. Maji yatajitenga chini yenyewe, mstari utauona. Chupa moja ifungwe, iandikwe tarehe. Fundi aandike alichokikuta, hata kwa mkono, na akupe risiti ya kazi yake. Kisha unakwenda kituoni kwanza, maana utaratibu wa malalamiko unataka mtoa huduma apewe nafasi ya kujibu. Asipokuridhisha unakwenda EWURA, na uamuzi wa EWURA nao unaweza kukatiwa rufaa Baraza la Ushindani. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji, linalomsaidia mtu asiyejua pa kuanzia. Katika kila hatua, karatasi ya kwanza itakayoombwa ni ileile uliyotaka kuitupa.

Kuna udhaifu mmoja ambao wanaohimiza risiti huuruka. Madereva wengi wa mjini hawajazi tangi. Wanaweka ya elfu tano Ubungo, ya elfu kumi Tabata, ya elfu tatu pale walipokwama. Gari likiharibika, tangi lina mafuta ya vituo vitatu, na kila kituo kitanyooshea kidole kingine, risiti ziwepo zote au zisiwepo. Sina dawa ya umaskini wa mfukoni, lakini anayeweza kuchagua kituo kimoja au viwili na kubaki navyo amejirahisishia ushahidi, mbali ya kwamba wahudumu watamjua sura.

Kuhusu vipimo nitasema kidogo. Pampu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, huwekewa lakiri na stika, na hupimwa kwa chombo maalumu cha lita 20. Mteja anayehisi amepunjwa mara nyingi huleta dumu kama ushahidi. Dumu tunaloliita la lita ishirini halikutengenezwa kuwa kipimo. Likijaa hadi shingoni hupokea zaidi ya hapo, hivyo kituo chaweza kuwa na haki nawe ukawa na hasira. Afadhali kumbukumbu ya lita za kwenye risiti kadhaa dhidi ya kilomita ulizotembea, jambo nitakalolirudia.

Sasa kodi. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti zilianza kutumika nchini mwaka 2010, lakini vituo vya mafuta vilichelewa, kwa kuwa huko mashine inapaswa kuunganishwa na pampu yenyewe ili kila lita inayopita ijichapishe. Julai 2017 TRA ilifunga vituo vingi ambavyo havikuwa na mfumo huo, na Rais John Magufuli akatoa siku 14 wenye vituo wawe wamefunga mashine. Toka hapo ule utetezi wa "risiti zimeisha" ulikosa mashiko. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo haimwachi mnunuzi pembeni: asiyedai risiti ana kosa na anaweza kutozwa faini.

Faini ndiyo inayotajwa sana. Mimi naona hasara kubwa iko kwingine. Chukua kampuni ndogo yenye Canter tatu za kubeba mizigo. Mwisho wa mwaka inakokotoa faida kwa kutoa gharama, na gharama yake kubwa pengine ni mafuta. Ikishindwa kuonyesha risiti za mafuta ya shilingi milioni 20, mkaguzi wa kodi ataziondoa kwenye gharama na kuzihesabu kuwa faida. Kwa kiwango cha asilimia 30 cha kodi ya makampuni, hiyo ni milioni sita za kulipia faida ambayo haikuwahi kuwepo. Dizeli imeungua, fedha imetoka, na kodi inadaiwa juu yake. Kumbukumbu hizo zinatakiwa zitunzwe kwa miaka mitano, na risiti iwe na jina au namba ya mlipakodi ya kampuni, si karatasi isiyo na mwenyewe. Mwambie mhudumu aingize namba hiyo kabla hajachapisha. Akishachapisha, mazungumzo yanakuwa marefu na nyuma yako kuna honi.

Kwa bodaboda au mwenye bajaji anayelipa kodi ya kiwango maalumu kwa mwaka, risiti za mafuta hazimpunguzii kodi hata senti. Ni heri aambiwe ukweli huo, aache kuhimizwa kwa sababu isiyomhusu. Anazo sababu nyingine.

Nimeacha mwishoni ugomvi ulio mkali kuliko wote, nao hauko kati ya dereva na kituo wala dereva na TRA. Uko kati ya dereva na mwenye gari.

Kwenye daladala mambo ni rahisi: tajiri anataka hesabu yake jioni, mafuta ni juu ya dereva na konda wake. Tajiri haulizi risiti. Deiwaka aliyeshika gari kwa siku moja naye haulizi. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake. Kwenye malori ya masafa, Dar hadi Tunduma, Dar hadi Kigali, ofisi hupanga lita za safari, na kila lita inayozidi ina mtu wa kulaumiwa. Humo ndimo ilimozaliwa sayansi nzima ya wizi mdogo. Wapo wanaonyonya mafuta na kuyauza kwenye madumu kando ya barabara. Wapo wanaopatana na mhudumu waandikiwe nyingi kuliko zilizoingia. Pampu ilipoanza kujichapishia, ujanja huo wa pili ulibanwa, ukabadili sura: dereva hahitaji tena risiti ya uongo, anahitaji risiti ya kweli ya mtu mwingine.

Na ziko nyingi sakafuni. Ile uliyoiachia dirishani jana, ya shilingi elfu themanini, yenye msimbo halali na saa halali, leo inaweza kuwa kwenye bahasha ya matumizi ya mtu usiyemjua. Mwajiri wake anamrudishia fedha ya mafuta ambayo hakununua, na mhasibu wa kampuni hiyo anaipeleka TRA kama gharama. Umelipia mafuta yako, na karatasi yako imemlipa mwingine na kumpunguzia kodi wa tatu. Kwa hiyo hata asiyeona haja ya kuitunza risiti aichane vipande. Kuitupa nzima ni kuiweka sokoni.

Mwenye gari makini anajua pa kutazama. Risiti inasema petroli na gari ni la dizeli. Risiti inasema saa tano usiku Mbezi na kifaa cha kufuatilia gari kinasema lilikuwa limelala Chalinze. Risiti inasema lita 61 na tangi ni la 45. Hapo awe na subira kidogo, kwa sababu tangi lililojazwa hadi mdomoni hupokea lita kadhaa zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. 47 si wizi, 61 ni maajabu. Risiti mbili za vituo viwili tofauti zimepishana dakika tano na vituo vimepishana kilomita arobaini. Mambo kama haya hugunduliwa na mtu anayesoma risiti. Mtu anayezibana tu kwa pini na kuzitia kwenye faili hagundui kitu, na ofisi nyingi ni za kubana kwa pini.

Serikalini hali haina tofauti. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasa za halmashauri, zimerudia hoja hii mwaka hadi mwaka: mafuta yamelipiwa, lakini hayaonekani kwenye leja wala kwenye daftari la safari za gari. Mara nyingi risiti zenyewe zipo. Zinathibitisha kwamba fedha ilitoka na mafuta yalinunuliwa. Yaliingia kwenye gari lipi, likaenda wapi, karatasi haijui.

Ndiyo maana nasisitiza zile tarakimu mbili za kuandika kwa mkono. Risiti isiyo na namba ya gari na kilomita inathibitisha manunuzi. Ikiwa nazo, inathibitisha safari. Na anayenufaika hapo si tajiri peke yake. Ulaji wa mafuta ukipanda, mshukiwa wa kwanza ni dereva, hata kama kilichopanda ni uzito wa mzigo, au breki moja imeng'ang'ania, au foleni ya mpakani ilimlazimu kuwasha injini na kuzima siku mbili kusogea mita mia. Dereva mwenye mfululizo wa risiti zilizoandikwa kilomita ana cha kuweka mezani. Asiye nazo anabaki kuapa. Na kwa kuwa risiti halisi hukabidhiwa ofisini, apige picha kila moja kabla ya kuikabidhi. Karatasi zikipotea kwenye droo ya mhasibu, mshahara unaokatwa si wa mhasibu.

Mtu mwenye gari lake mwenyewe, asiye na tajiri wala kampuni, risiti zinamfaa kwa namna hiyohiyo. Njia haihitaji programu yoyote ya simu. Unajaza fulu tangi, unaandika kilomita. Unatembea kama kawaida. Siku ya kujaza tena, unajaza fulu tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile, na unaangalia lita zilizoingia. Tuseme mara ya kwanza ilisomeka 42,310 na mara ya pili 42,706. Umetembea kilomita 396. Zikiingia lita 33, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu au nne upate wastani, kwa maana safari moja ya Bagamoyo itakudanganya kuwa gari linakula kidogo na wiki moja ya foleni itakudanganya kuwa linakula sana.

Ukishaujua wastani, risiti zinaanza kusema. Imeshuka kutoka 12 hadi 9 bila njia kubadilika: angalia upepo wa matairi, filta ya hewa, plagi, breki zinazoshika. Fundi akikwambia kila kitu ni kizima, tazama ulikokuwa unanunua. Ikiwa ulaji unapanda kila unapojaza kituo fulani na kutulia unapohama, una sababu ya kuwaita Wakala wa Vipimo, tena ukiwa na karatasi za kuwaonyesha. Ni afadhali kuliko kile tunachofanya siku zote, kuambiana kijiweni kwamba sheli ile "ina wizi".

Kuna adui mmoja wa haya yote, nalo ni jua. Risiti hizi hazina wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto la kichwa cha mashine, na maandishi hayo hufifia kwa mwanga, joto, mafuta ya mikono na hata plastiki ya bahasha za kuhifadhia. Mahali tunapoziweka ni juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, saa sita mchana Dodoma. Baada ya miezi michache una karatasi nyeupe iliyojikunja. Sheria inasema miaka mitano. Karatasi yenyewe haina mpango huo. Basi ipigwe picha siku hiyohiyo, iwe imelala bapa, msimbo ukionekana, na karatasi iwekwe kwenye bahasha ya karatasi ndani ya droo ya gari. Wanaopenda kuzibandika kwa selotepu kwenye daftari wajue kwamba gundi nayo huyala maandishi.

Nje ya Tanzania bara sababu zinabadilika kidogo. Kenya, toka Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS wa mamlaka yao ya mapato haikubaliki kwenye hesabu za kodi, isipokuwa kwa waliosamehewa. Na bei za mafuta hutangazwa na mamlaka yao ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo tarehe kwenye risiti ndiyo inayoamua ni kikomo kipi kinahusika. Na ndugu zetu wanaoendesha malori Marekani na Kanada wana kazi kubwa kuliko sisi. Kule kila jimbo lina kodi yake ya mafuta, na mkataba uitwao IFTA hugawanya kodi hiyo kwa kufuata maili zilizotembewa katika kila jimbo. Ukinunua dizeli Ohio ukaiunguzia Indiana, risiti ndiyo inayokupa haki ya kuhesabiwa kodi uliyokwisha kulipa Ohio. Ukiipoteza, unalipia maili za Indiana kana kwamba hukulipa kitu popote. Kumbukumbu zinatunzwa miaka minne, na lazima zionyeshe muuzaji, kiasi, aina ya mafuta na gari lililojazwa. Kule kuandika namba ya gari ni sharti.

Limebaki swali la mhudumu anayesema mashine ni mbovu. Inaweza kuwa kweli, mashine huharibika. Ila kituo ambacho mashine yake ni mbovu kila jioni, saa za wateja wengi, kina ugonjwa mwingine. Mteja ana nguvu kabla hajajaziwa, hana tena baada ya hapo, kwa hiyo risiti iulizwe kabla mpira haujaingia kwenye tangi. Jibu likiwa hapana, kuna kituo kingine mbele. Na bodaboda wa elfu tano, ambaye kodi haimsaidii na kesi hataipeleka popote, simwambii atunze miaka mitano. Zikae mfukoni wiki moja. Jumapili azijumlishe, aziweke kando ya fedha aliyoingiza, aone kama pikipiki inamlisha yeye au yeye ndiye anayeilisha pikipiki.